Anzia hatua ya mwisho: kumfundisha mtoto mwenye usonji kazi za kila siku nyumbani

Wazazi wenzangu, hii naiandika kwa yeyote mwenye mtoto wa usonji (autism) ambaye kila siku anamvalisha, anamnawisha, anampigisha mswaki, na moyoni anajiuliza hivi huyu ataweza lini mwenyewe. Mi ni mama wa kijana wa miaka 7 mwenye usonji, maneno yake hayajafika 20, na saa hizi ananawa mikono peke yake kuanzia kufungua bomba mpaka kutundika taulo. Ilituchukua kama wiki 9. Wengi wetu tunaambiwa tu mpeleke kwenye tiba ya tabia, alafu hakuna anayekaa chini kukueleza hiyo tiba inafanyaje kazi pale nyumbani, asubuhi, mmechelewa na mtoto kakaa sakafuni na soksi moja. Kwaiyo naeleza tulivyofanya sisi na kwa nini inafanya kazi.

Kitu cha kwanza kabisa: "nenda kanawe" sio kitu kimoja. Kwako wewe ni kitu kimoja kwa sababu umekifanya miaka na miaka, mikono inajiendea yenyewe. Kwa mtoto ni msururu wa vitu vingi vinavyofuatana, na akipotea katikati anabaki kachezea maji, alafu sisi tunasema huyu mtoto hasikii. Nenda mwenyewe kwenye bomba na karatasi, nawa polepole, kila mkono unapobadilisha kazi andika. Mi nilipata hatua 11: kufungua bomba, kulowesha mikono, kuchukua sabuni, kusugua viganja, kusugua mgongo wa mkono, kurudisha sabuni, kusuuza mpaka povu liishe, kufunga bomba, kuchukua taulo, kukausha, kurudisha taulo pale pale. Mtoto wako anaweza kuhitaji hatua 6 tu au akahitaji 15, inategemea anakwama wapi. Kama anakwama kwenye kuzungusha bomba basi hiyo peke yake inaweza kugawanywa mara tatu.

Ukishakuwa na orodha, chagua siku mbili umwangalie tu bila kumsaidia, usimkosoe, usimfundishe, weka tiki kwenye anachoweza. Usiruke hapa. Mi nilikuwa nina uhakika mwanangu hajui chochote, kumbe kusugua viganja anajua vizuri sana na anapenda povu, shida ilikuwa kuacha maji. Yaani miezi yote nilikuwa namfundisha kitu anachokijua na kile asichokijua nakifanya mimi kwa haraka ili tuondoke.

Sasa hapa ndo penye siri yenyewe. Anza kufundisha hatua ya mwisho, sio ya kwanza. Unamsaidia hatua 10 zote kama kawaida, taratibu, bila maneno mengi, alafu ile ya 11, kurudisha taulo, unamwachia yeye. Akiirudisha, hapo hapo anapata pongezi na kile anachokipenda. Akiimudu, siku zinazofuata unamwachia hatua ya 10 na ya 11, alafu ya 9, unarudi nyuma namna hiyo. Kwa nini inasaidia? Kwa sababu kila mara mtoto anamalizia yeye. Kazi inaisha mikononi mwake, furaha inakuja baada ya kazi kuisha, na kila hatua mpya unayomwongezea inafuatwa na hatua anazozijua tayari, kwaiyo anateremkia kwenye kitu anachokiweza. Ukianzia mbele, anafanya kidogo, anakwama, wewe unamalizia, na anachojifunza ni kwamba mama hua anamalizia.

Suruali ni hivyo hivyo, ipandishe wewe mpaka mapajani, yeye avute mpaka kiunoni. Kesho kutwa unaiachia magotini. Soksi unaivalisha mpaka kisigino kipite, yeye avute juu. Zipu unaiunganisha chini wewe, yeye anapandisha, na zipu ukiifunga kikamba kidogo au pete kwenye kile kichuma chake vidole vinashika vizuri zaidi. Sio kila kazi lazima ianzie mwisho lakini, kuna watoto wanaweza kujaribu msururu mzima kila mara na we unasaidia pale wanapokwama tu, hasa kama hatua nyingi wanazijua tayari.

Kuhusu mkono wako. Wazazi wengi tunasimama mbele ya mtoto na kuongea, chukua sabuni, sio hivyo, sugua, mwanangu sugua, suuza basi. Sauti ndo msaada mgumu kuliko yote kuuondoa. Mtoto anajifunza kuwa sauti ya mama ni sehemu ya kunawa, siku hukuongea anasimama anasubiri. Simama nyuma yake, ongoza mikono yake kwa mikono yako, mdomo umefungwa, ukimwambia tu mara moja mwanzoni "nawa mikono". Siku zikienda, legeza. Kutoka kwenye viganja unashika vifundo vya mikono, alafu viwiko, alafu unagusa bega tu, alafu mikono yako inamfuata kama kivuli bila kumgusa, alafu unarudi hatua moja nyuma, alafu mlangoni. Kabla ya kusaidia popote hesabu moyoni mpaka 5. Sekunde 5 ni ndefu sana ukiwa umesimama pale, niamini, lakini mara nyingi kwenye ya 4 mkono wake unasogea. Watoto wengi wa usonji wanahitaji muda zaidi kulipokea neno na kulitafsiri kuwa tendo, sisi tunarudia agizo kabla halijafika, tunamwanzishia upya.

Na kama hataki kushikwa, usimshike. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Kuna mahali tulianzia, mtaalamu alikuwa anamkaza mikono kwa nguvu mtoto analia, nikaambiwa atazoea. Hakuzoea, aliacha kukaribia bomba kabisa miezi miwili, tukaanza upya tukiwa nyuma ya pale tulipokuwa. Kushikwa kwa kulazimishwa kunamfundisha kwamba mwili wake sio wake, na huyu ni mtoto ambaye kesho na keshokutwa atahitaji kuweza kumkatalia mtu mbaya. Njia zipo nyingine, unanawa wewe pembeni yake akuone, unanyooshea kidole sabuni, unamrekodia video fupi ya mikono tu ikinawa (mikono ya ndugu yake, au yake mwenyewe na sehemu unazomsaidia umezikata) anaangalia kwenye simu kisha mnaenda. Kuna watoto wanajifunza kwa video haraka ajabu.

Picha pia. Piga picha za bomba lenu lenyewe na sabuni yenu yenyewe, zibandike kwa mpangilio pale usawa wa macho yake, sio yako. Watoto wengi wenye usonji wanashika kinachoonekana vizuri kuliko kinachosemwa, maneno yanapita na kupotea, picha inabaki pale pale. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani chini ya Eric Schopler walijenga mfumo mzima juu ya jambo hili, unaitwa TEACCH, tangu miaka ya 1970, ratiba za picha, kila kitu na mahali pake, mwanzo na mwisho wa kazi unaoonekana kwa macho.

Thawabu sasa, maana hapa ndo watu wengi wanakorofishana. Msingi wa tiba ya tabia, ile inayoitwa ABA (kifupi cha Kiingereza cha Applied Behavior Analysis), ni kwamba tendo likifuatiwa na kitu kizuri linarudiwa. Basi. Ila kitu kizuri ni kile anachokiona yeye kizuri, sio wewe. Mwekee vitu vitano sita mezani, usiseme kitu, angalia anashika nini kwanza, anarudia nini, ukiondoa kipi analalamika. Mwanangu hakutaka pipi wala gari la kuchezea, alitaka nimpulizie shingoni. Mara tatu, fuu fuu fuu. Hiyo ndo ilimfundisha kunawa. Itolewe hapo hapo, ndani ya sekunde moja mbili, ukienda kuitafuta jikoni ukarudi umechelewa, atakuwa ameshafanya kitu kingine na hicho ndo umekilipa. Na pongezi itaje alichofanya: "umefunga bomba!" inamwambia kitu, "kijana mzuri" haimwambii kitu.

Kuna wanaosema hii ni hongo. Hongo unaitoa ili kelele ziishe, mtoto kashaanza kupiga kelele sokoni we unampa simu anyamaze, hapo umelipa kelele. Thawabu inakuja baada ya kazi na mlishaelewana kabla. Mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack alieleza kitu ambacho bibi zetu walikuwa wanakijua, kwamba kinachopendwa kikiwekwa nyuma ya kisichopendwa kinakivuta kile kisichopendwa. Kwanza viatu, kisha bembea. Weka picha mbili tu kwenye kipande cha boksi, kushoto kwanza, kulia kisha, na ukiahidi timiza hata kama umechoka, ukimdanganya mara mbili hiyo karatasi imekufa. Baadae unapunguza, mara ya pili anapata, mara ya tatu, mpaka inabaki tabasamu na ule mwisho wa kazi wenyewe.

Fundisha kitu kimoja au viwili kwa wakati, sio kumi. Na kuchagua uchague kwa kujiuliza kinamsaidia nani. Kujisaidia chooni, kuvaa, kula mwenyewe, kuomba maji, kusema hapana, kusubiri, kuvuka barabara umemshika mkono, hivi vinamfungulia maisha. Kukaa bila kupepea mikono ili wageni wasimshangae, hicho kinawasaidia wageni. Kupepea mikono, kujitikisa, kuzunguka, mara nyingi ndo namna yake ya kujituliza au kufurahi, kama haumizwi na haumizi mtu mwache. Kumlazimisha akuangalie machoni pia acha, wengi wanasikiliza vizuri zaidi wakiangalia pembeni.

Tiba hii ya tabia ina historia yake na nadhani mzazi anapaswa kuijua kabla hajampeleka mtoto popote. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, alichapisha utafiti uliofanya tiba hii ijulikane dunia nzima, watoto 19 waliofundishwa kama saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, na akasema 9 kati yao walifikia kusoma darasa la kawaida na akili ya kawaida. Wazazi walipata tumaini kwa mara ya kwanza. Lakini watoto wale hawakugawanywa kwa bahati nasibu kwenye makundi, na katika mafunzo yale adhabu zilitumika, ukali wa sauti na makofi ya pajani, na kabla ya hapo Lovaas aliwahi kutumia hata shoti za umeme. Watu wazima wenye usonji waliopitia tiba za namna ile wanazungumza leo, wengi wanasema walifundishwa kujificha na kutii, na mimi nawasikiliza kwa sababu ndio pekee wanaoweza kuniambia mwanangu anasikia nini ndani. Tiba za sasa zimebadilika sana, nyingi zinafanyika ndani ya mchezo na shughuli za kawaida, mtoto anaongoza, kama ule mpango wa Denver wa watoto wadogo wa wanasaikolojia Sally Rogers na Geraldine Dawson. Ila sio kila mahali wamebadilika. Kwaiyo ukienda uliza: naweza kukaa ndani nikaona? Mtoto akilia mnafanyaje? Akikataa? Mnafundisha nini na mmechaguaje? Anayekuzuia usiingie, anayekuahidi kumponya usonji, anayetaka saa nyingi kuliko mtoto anavyoweza kubeba, ondoka na mtoto wako. Usonji sio ugonjwa unaopona, ni namna ubongo wake ulivyo, tunachofundisha ni uwezo.

Akilia, akitupa sabuni, akijilaza chini, usikimbilie kusema mtundu. Chukua daftari chora safu tatu: kabla kulikuwa na nini, alifanya nini, baadae akapata nini. Andika siku 5 tu bila kuhukumu. Mara nyingi utaona ni moja kati ya vitu vinne, anakwepa kitu, anakutaka wewe, anataka kitu fulani, au mwili wake wenyewe unatafuta au unakimbia hisia fulani. Mfano wetu wa mswaki. Kila jioni vita, anaung'ata mswaki anautupa. Nikaandika, nikaona anavumilia mswaki mkavu vizuri tu, kelele zinaanza dawa ya meno ikigusa ulimi. Ilikuwa inamuunguza jamani! Tumebadilisha tukaweka isiyo na ladha, yenye floraidi ile ile, vita vimeisha wiki hiyo hiyo. Hapo hakuna thawabu wala msururu wowote wa hatua ambao ungesaidia, tatizo halikuwa tabia. Kila mara anza kuuliza mwili: kuna maumivu, jino, sikio, tumbo, kelele, mwanga, kitambaa kinachokwaruza, lebo ya shingoni.

Kama anakwepa kwa sababu kazi ni ngumu, punguza kazi, na mpe njia ya kusema. Wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kuomba kuangaliwa walipunguza sana vurugu, maana vurugu ilikuwa inafanya kazi ya maneno. Mwanangu ana kadi ya picha ya kiganja kilichofunguliwa, maana yake nipumzike. Akinipa, tunaacha, dakika mbili, tunarudi. Mwanzoni aliitumia kila dakika na mi niliheshimu kila mara, ni lazima, ndo anajifunza kwamba kadi ina nguvu kuliko kutupa sabuni. Na usiogope kwamba picha zitamzuia kuongea, hazizuii, baadhi ya watoto maneno yanakuja nyuma ya picha.

Ukiamua kwamba kelele haitapata tena kile ilichokuwa inapata, jua siku za mwanzo itapanda kabla ya kushuka. Ndo siku ambazo wengi tunakata tamaa tunatoa, na tukitoa pale juu kabisa tumemfundisha apige kelele mpaka pale. Usianze kama huna nguvu za kumalizia wiki hiyo, na usiifanye kwa mtoto anayejiumiza, anayejigonga kichwa au kujing'ata, hapo tafuta mtaalamu kwanza.

Choo nakigusa kwa ufupi. Muone daktari kama anapata choo kigumu, kufunga choo ni kwingi kwa watoto wenye usonji na mtoto anayeumia hawezi kufundishika. Andika siku tatu nne anakojoa saa ngapi, kisha mkalishe karibu na muda huo, dakika 3 zinatosha, miguu ikanyage kitu isining'inie. Ikitoka, thawabu kubwa kuliko zote za siku. Ikimtokea kwenye nguo, badilisha kimya kimya, hakuna kumfokea wala kumwaibisha hata kidogo.

Kuhesabu maendeleo: karatasi moja ukutani, hatua 11 chini, siku juu. Tiki kama amefanya mwenyewe, herufi M kama umesaidia. Siku tatu mfululizo tiki, songa mbele. Siku tano M mfululizo, hatua ni kubwa mno, igawanye, au thawabu imemchosha, ibadilishe. Bila karatasi utadhani hakuna kinachosogea, mi kuna wiki ya 4 nililia chooni, nikaja kuangalia ukutani nikaona hatua tatu ni zake kabisa. Na walezi wote wafanye sawa, baba, dada, bibi, mwalimu, kama mmoja anamnawisha kwa haraka na mwingine anamsubiri mtoto anakuwa na nawa mbili.

Alafu kuna hili ambalo sikuambiwa na mtu. Wiki ya 9 alikuwa anaweza, nikamtoa nikaenda naye mahali penye bomba la kubonyeza juu. Akasimama. Akatafuta cha kuzungusha, hakuna, akanigeukia akanipa kadi ya kiganja. Alikuwa anajua kunawa kwenye bomba letu tu. Watoto wengi wenye usonji hawahamishi ujuzi wenyewe kutoka mahali hadi mahali, inabidi wewe umsaidie kuuhamisha: sabuni ya maji na ya kipande, taulo na karatasi, nyumbani na shuleni, na mama na bila mama. Anza kubadilisha vitu vidogo mapema, hata kabla hajakamilisha nyumbani. Nilichukua mkono wake, tukabonyeza pamoja mara tatu, ya nne nikagusa kiwiko, ya tano nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na kwenye nne akabonyeza.